Waigizaji wangu watano, na mmoja nisiyempa namba



Nianze na aibu yangu. Mwaka 2013, nikiwa G1, niliandika nyuma ya kaye yangu ya statistiki majina kumi ya waigizaji wanawake wa sinema niliowapenda kuliko wote. Juu kabisa alikuwa Megan Fox, sababu ya Transformers. Wa pili Deepika Padukone, wa tatu Wema Sepetu wa Tanzania, wa nne Angelina Jolie. Mwezi uliopita tulikuwa tunapanga vitu nyumbani, mdogo wangu wa kike akaikuta ile kaye chini ya masanduku. Akaisoma yote, polepole, kisha akaniangalia: "Yaya, hii ni listi ya sinema ao ya kuoa?"

Nilijitetea kwamba G1 wote tulikuwa hivyo. Akacheka. Kisha akaniuliza swali lingine: kati ya hao kumi, ni nani ninayekumbuka jambo alilolifanya ndani ya filamu? Asitajiwe sura, wala nywele, wala nguo. Jambo. Nilifikiri mpaka chai ikapoa. Kosa si la wale waigizaji, ni la macho yangu, lakini sikupata hata moja.

Basi nimerudi kazini. Listi hii mpya ina watano tu, na kila mmoja ameingia kwa sababu ya jambo ninaloweza kulieleza. Mtanisamehe, sijaweka Meryl Streep wala Cate Blanchett; ninawaheshimu kama maprofesa, lakini hakuna anayelala akimuota profesa. Na nyinyi wa promosheni za LMD mnaotaka Zendaya, andikeni listi yenu.

Kabla ya majina, sherti niseme nilijifunza wapi kuangalia filamu, maana inaelezea mengi. Nilikua Kadutu, Bukavu. Wakati huo tulilipa franka 100 kuingia kwenye chumba cha mbao chenye televisheni moja na benchi za kanisa. Filamu nyingi zilikuwa zimefasiriwa: zingine kwa Kinyarwanda, zilivuka kutoka ng'ambo ya Ruzizi, zingine kwa Kiswahili cha Tanzania. Mliozikuta mnajua. Sauti ya mwanaume mmoja inafunika sauti zote. Akta akiongea, ni yeye. Adui akitukana, ni yeye. Mama akimlilia mtoto wake, bado ni yule bwana mmoja, tena anaongeza na mzaha wake. Miaka na miaka nimeona wanawake wakifungua kinywa na kutoka sauti ya mwanaume. Sikujua sauti ya Angelina Jolie mpaka nilipofika chuo kikuu!

Sasa mtu akiwa na akili, pale angejifunza kuangalia macho, mikono, namna mtu anavyosimama, kwa sababu ndivyo vitu pekee mfasiri hakuweza kuvifunika. Mimi niliangalia sura nzuri. Nilijifunza lile la kwanza nikiwa nimechelewa, na listi hii imetoka huko.

Wa tano ni Genevieve Nnaji wa Nigeria. Nitapita haraka, kwa sababu wengi wenu mnamjua kupita mama zenu, zile filamu za Nollywood zenye Kifaransa cha kubandikwa. Mimi ninamweka hapa kwa filamu moja, Lionheart, ya 2018, ambayo aliiongoza yeye mwenyewe na kuicheza. Anacheza Adaeze, binti wa tajiri wa mabasi wa Enugu. Baba anaugua, kampuni ina deni kubwa, na mzee badala ya kumpa binti kiti anamleta mjomba asimamie. Mjomba huyo ni Nkem Owoh, Osuofia mwenyewe! Mtu ungengoja Adaeze apige kelele, avunje glasi, alaani ukoo, kama Nollywood ilivyotuzoeza. Hapigi. Anakaa mezani, anasikiliza wanaume wakimpita juu ya kichwa, na unaona tu taya likikaza. Dada zetu waliofanya kazi ofisini mahali ambapo bosi anamuuliza mwenzao wa kiume jibu ambalo wao ndio wanalo, watanielewa. Filamu hiyo Nigeria iliipeleka Oscar mwaka 2019 ikakataliwa, eti maneno mengi ni ya Kiingereza. Kama vile ni Wanigeria waliojichagulia Kiingereza.

Wa nne ni Lupita Nyong'o, na najua hapa nitapata matusi. Dada wa Kenya, wa kwetu huku Afrika, Oscar ya 2014 mkononi, halafu unamweka wa nne? Ngojeni kwanza.

Patsey wa 12 Years a Slave ni kazi ambayo ningeipa namba moja ikiwa peke yake. Kuna sehemu ya sabuni. Mwenye shamba amemtafuta siku ya mapumziko hakumuona, na anaporudi anataka kumpiga. Patsey alikuwa ameenda kwa jirani kuomba kipande cha sabuni, kwa sababu mke wa bwana anamnyima hata ya kuogea. Anakionyesha kile kipande mkononi. Msichana anayevuna pamba kuliko wanaume wote wa shamba, anajieleza kwa nini anataka kuwa safi. Lupita hasemi vile kwa unyonge. Anasema kwa hasira ya mtu mwenye haki, na ndiyo maana kinachofuata hakiangaliki.

Lakini mnaona Hollywood ilimfanyia nini baada ya hapo? Mwaka 2015, katika Star Wars, wakamgeuza kiumbe kidogo cha kompyuta chenye miwani, Maz Kanata. 2016, The Jungle Book, ni sauti ya mbwa mwitu. Kwangu mimi ni kichekesho cha uchungu: kule Kadutu nilikuwa na sura bila sauti, wao wakatupa sauti bila sura. Na sura yenyewe ni ile ambayo magazeti yote yalikuwa yanaiita nzuri kuliko zote. Mwaka ule ule wa 2016 alicheza Queen of Katwe, mama muuza mahindi wa Kampala, na pale anapumua vizuri. 2019 ikaja Us, watu wawili ndani ya mwili mmoja, mmoja mwenye sauti ya mtu aliyenyongwa. Pale nilirudi kumwamini. Na A Quiet Place: Day One ya 2024, ambapo ukitoa sauti viumbe vinakuja kukumaliza, anacheza mgonjwa wa kansa anayevuka New York na paka wake, shida yake ni kula pitsa kabla ya kufa. Hakuna maneno. Macho tu. Nilifikiria mfasiri wetu wa Kadutu mbele ya filamu hiyo angefanya kazi gani. Kisha nikakumbuka: angeongea tu.

Kwa hiyo wa nne ni kwa sababu ya miaka waliyomficha. Mkitaka kulalamika, lalamikieni walioshika pesa.

Wa tatu, Viola Davis. Huyu mdogo wangu ananigombanisha naye mpaka leo, anasema sherti awe wa kwanza. Nilianza kumjua kwa Doubt, ya 2008. Ndani ya filamu nzima ana sehemu moja tu ya maana, dakika chache: mama anatembea pembeni ya sista mkuu wa shule, ambaye anamwambia kwamba padri huenda anamharibu mtoto wake. Sista ni Meryl Streep. Na yule mama, anayesafisha majengo ya watu, anayeangalia saa kwa sababu anachelewa kazini, anasema jambo ambalo hakuna anayetaka kulisikia: mwache mtoto wangu amalize mwaka, ni miezi tu imebaki, akimaliza hapa ataingia shule nzuri. Nilichukia aliposema vile. Dakika moja baadaye nikaelewa kila hesabu aliyoipiga kichwani usiku. Kwa sehemu hiyo moja walimtaja kwenye Oscar, na sijui kazi nyingine fupi hivyo yenye uzito ule.

Oscar yenyewe aliipata kwa Fences, ya 2016, pembeni ya Denzel Washington. Mume anamwambia uwanjani kwamba kuna mwanamke mwingine, na mwanamke huyo ana mimba. Viola analia mpaka kamasi zinatoka, na hafuti. Waigizaji wanaolia vizuri ni wengi. Mtu akilia kweli hana nafasi ya kutafuta kitambaa. Mwili ule hauombi tumuone mzuri.

Kwa nini basi wa tatu? The Woman King, 2022. Najua, mliipenda, mimi pia nilipiga makofi wale wanawake wa Dahomey waliporuka ukuta. Alijenga mwili kwa ajili ya kazi ile na inaonekana. Ila filamu inakimbia swali lake yenyewe. Dahomey iliuza watu, ilitajirika kwa kuuza watu, na filamu inampa Nanisca yake maneno mazuri ya kumshawishi mfalme aache biashara hiyo alime mawese. Viola anayesema hotuba ni mzuri. Viola anayepiga hesabu kimya, yule wa Doubt, ni mwingine kabisa, na ndiye ninayemtaka.

Wa pili ni Marion Cotillard, na siyo kwa Edith Piaf iliyompa Oscar 2008. Ni kwa Deux jours, une nuit, ya 2014, ya wale ndugu wawili wa Ubelgiji, Dardenne. Wandugu, kama mmemaliza masomo na mnatafuta kazi, muitafute hii kabla ya filamu nyingine yoyote.

Habari ni fupi. Sandra alikuwa mgonjwa wa huzuni, amepona anataka kurudi kiwandani. Bosi amewaambia wenzake kumi na sita wachague: ao kila mmoja apate bonasi ya yuro 1000, ao Sandra abaki na kazi. Wamechagua bonasi. Anapata nafasi kura irudiwe siku ya kwanza ya juma, kwa hiyo ana jumamosi na jumapili za kupita nyumba kwa nyumba kuomba watu waache pesa zao kwa ajili yake. Basi. Anagonga mlango, anarudia maneno yale yale, anapata jibu, anaenda mlango unaofuata.

Hapo ndipo kuna uigizaji. Maneno ni yale yale, lakini hayasemi mara mbili sawa. Mlango wa kwanza ana aibu. Wa tatu ameshaanza kuyakariri. Mmoja anapomlilia kwa kujuta, pale uwanja wa mpira, yeye ndiye anayebaki bila la kufanya. Mbele ya mwingine anasikia hoja ya yule mtu, kwamba pesa ile ni ya umeme na masomo ya mtoto, na unaona Sandra akikubaliana naye. Anaenda kuomba kitu ambacho yeye mwenyewe haamini ana haki ya kukiomba. Nyota mkubwa wa Ufaransa, kavaa singileti ya rangi ya waridi, mgongo umeinama, anakunywa maji kwenye chupa kila dakika.

Mimi nilikuwa na kandarasi ya miezi minane kwenye shirika moja hapa, silitaji. Mradi ulipofupishwa tulikuwa wanne kwa nafasi mbili. Nilienda kuona watu nyumbani, jioni, na maneno niliyoyakariri njiani. Kwa mkubwa mmoja nilipewa fanta nikainywa yote kabla ya kuongea. Ninajua mgongo ule wa Sandra.

Na kuna Alphonse. Ni kijana Mwafrika mwenye kandarasi ya muda, anaogopa akimpigia Sandra kura wasimamizi hawatamwongezea. Sitaeleza mwisho kwa wasioiona, ila ujue Alphonse yumo ndani yake, na uso wa Cotillard pale anapoelewa hesabu ya bosi ni sekunde tano tu. Mara ya kwanza niliangalia filamu hii nikiwa upande wa Sandra. Mara ya pili nilikuwa Alphonse muda wote.

Hapa nisimame kidogo kabla ya wa kwanza, kwa sababu kuna jina mtaliuliza: Rachel Mwanza.

Rebelle ilipigwa Kinshasa, mwongozaji ni Kim Nguyen wa Canada. Mwaka 2012 Rachel alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kike kule Berlin, ile Dubu ya fedha, akiwa msichana mdogo ambaye alikuwa ameishi kwenye barabara za Kinshasa, hakuwa amewahi kusomea uigizaji popote. Anacheza Komona, mtoto wa miaka 12 ambaye waasi wanamlazimisha kuwapiga risasi wazazi wake. Anasimulia yote kwa mtoto aliye tumboni mwake. Kijana mmoja anampenda, anataka kumuoa, na Komona anamwambia kwanza alete jogoo mweupe. Ile safari ya kutafuta jogoo, watu wakimcheka kijiji kwa kijiji, ndiyo sehemu pekee ambapo Rachel anacheka kama mtoto, na huwa ninaisimamisha pale.

Tuliionyesha chuoni, ukumbini, na projekta ya kuazima. Kufika nusu, watu wengi walikuwa wametoka nje. Hawakuchoka. Kulikuwa na kaka mmoja wa kutoka vijijini alibaki nje ameegemea ukuta, hakutaka kuongea na mtu. Filamu haitaji jina la nchi, na kuna pahali watu wanaongea Kilingala, lingala ambayo huku kwetu mtoto wa kijijini haisikii. Wageni waliona Afrika. Sisi tuliona jirani.

Nilijaribu kumpa namba. Nikamweka wa kwanza, nikaona ninaipa tuzo vita. Nikamweka wa tatu, nikaona ni upuuzi, wa tatu baada ya nani? Macho yake pale anapobebeshwa bunduki sijui kama ni uigizaji, na sitaki kuuliza. Mdogo wangu anasema kumtoa kwenye listi ni kumnyima heshima ya kazi yake, kwamba alifanya kazi kama Cotillard alivyofanya kazi, tena bila shule. Huenda ana haki. Bado nimeshindwa.

Wa kwanza ni Véro Tshanda Beya, kwa Félicité ya Alain Gomis, 2017. Ndiyo, filamu moja. Ilikuwa mara yake ya kwanza mbele ya kamera. Filamu ilipata tuzo kuu ya majaji Berlin, ikapata na Étalon ya dhahabu ya FESPACO mwaka ule ule, na Oscar ilipelekwa kwa jina la Senegal, huku kila kiti, kila nzi na kila deni ndani yake ni vya Kinshasa.

Félicité anaimba kwenye baa, usiku, na Kasai Allstars nyuma yake. Mwanawe anapata ajali ya moto. Hospitali inataka pesa kwanza ndipo impasue mguu. Kuanzia hapo ni mwanamke mmoja anayetembea mji mzima kukusanya pesa. Anamlipa polisi amsindikize kudai waliomkopa. Anaenda kwa baba wa mtoto, anatukanwa. Anaingia kwa tajiri bila kualikwa, anapigwa. Na uso wake, wandugu! Hauombi. Hii ndiyo tofauti yake na Sandra. Sandra anainama, Félicité anasimama wima mbele ya mlango kama mtu aliyekuja kuchukua kilicho chake, na kadiri anavyonyimwa ndivyo shingo inavyozidi kunyooka. Wachunguzi wengine wamesema uso wake ni mgumu, haonyeshi kitu. Hawajawahi kuomba pesa ya hospitali. Ukionyesha umevunjika, mtu anajua hutalipa, hakukopeshi.

Mwaka 2016 mdogo wangu wa kiume aliangushwa na moto, mguu ukavunjika mahali pawili. Hospitali ilitaka malipo ya kwanza. Mama aliuza vitenge vyake vyote vya biashara kwa bei ya kutupa, akapita kwa wale wa likelemba, kwa wadeni, kwa shemeji. Mguu ulipona, anachechemea kidogo tu; baada ya kupona wakamzuia siku kumi na tisa nyingine mpaka faktire iishe. Mama hakulia mbele yetu siku hata moja. Tulidhani ana moyo mgumu, na mimi nilimwambia hivyo siku moja, kwa mdomo wangu.

Filamu tuliiangalia nyumbani mwaka 2019, kwenye kompyuta, yeye akiwa katikati yetu. Ni ya Kilingala, na mama Kilingala chake ni cha nyimbo. Chini kuna maandishi ya Kifaransa. Kwa hiyo mdogo wangu wa kike akaanza kumfasiria, na mimi nikaongeza, tukawa wawili tunaongea juu ya sauti ya Félicité, sawasawa kama yule bwana wa Kadutu. Tulipofika pale anapomkabidhi mwanamke mwingine pesa aende kununua dawa, na yule hatarudi, mama akainua mkono.

"Munyamaze. Niko naona."

Tukanyamaza. Akaangalia iliyobaki yote bila neno moja la kufasiriwa, mguu wa mtoto, ule ukimya mrefu baadaye, msitu usiku, yule fundi mlevi na frigo yake isiyopona. Ilipoisha alikaa kidogo. Akasema, "Huyu mwanamuke hachezi. Huyu alishafikaka kule." Kisha akaenda kulala.

Kwa mwigizaji sijui sifa nyingine kubwa kuliko hiyo, na ndiyo sababu namba moja haina mjadala nyumbani kwetu, isipokuwa kwa mtu mmoja. Mdogo wangu amechukua ile kaye ya statistiki, akafungua ukurasa unaofuata, akaandika listi yake mwenyewe. Viola Davis wa kwanza. Véro Tshanda Beya wa pili. Rachel Mwanza wa tatu, na namba, ameipigia mstari mara mbili ili niione. Wa nne Lupita. Na wa tano, siamini macho yangu, Megan Fox. Nikamuuliza kama ananicheka.

"Hapana, yaya. Jennifer's Body haujaionaka."

Kweli sijaiona. Ni ya 2009, na flashi amekataa kunipa mpaka nimalize kuandika hii.